Nani Ana Haki ya Kuacha? Kumtetea Jambazi wa Ride Lonesome

Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa uzamili alileta pendekezo la tasnifu kuhusu toba ya mhalifu katika sinema za kauboi za miaka ya 1950. Kikao cha idara hakikuchukua muda. Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu kwa kazi zake juu ya ushairi wa Kiswahili, alifunga faili akasema kwamba sinema hizo zilitengenezwa haraka, kwa fedha kidogo, kwa ajili ya watu waliotaka kuona farasi wakikimbia. Kutafuta falsafa ndani yake ni sawa na kutafuta lulu katika gunia la mbaazi. Wengine wakacheka. Mwanafunzi akabadilisha mada. Nami, kwa aibu yangu, nikanyamaza. Makala haya ni malipo ya ukimya ule.

Nitaitetea filamu moja tu, maana utetezi wa jumla hauna meno. Nayo ni Ride Lonesome, iliyotoka mwaka 1959, ikaongozwa na Budd Boetticher kwa mswada wa Burt Kennedy. Ina urefu wa dakika 73. Ilipigwa kwa wiki chache katika majabali ya Lone Pine, California, mahali ambapo studio za Hollywood zilikwenda kila zilipotaka jangwa lisilo na gharama kubwa. Ilikuwa na wahusika wachache, farasi wachache na nyota mmoja, Randolph Scott, aliyekwisha kutimiza miaka 60. Kwa kila kipimo cha biashara ya siku zile, ilikuwa filamu ya kujaza nafasi. Dai langu ni kwamba ndani ya kazi hiyo ya bei nafuu mna mjadala wa kina kuhusu toba, kuliko ule unaopatikana katika riwaya zetu nyingi tunazozisomesha kwa heshima zote. Na kwamba sisi, wasomi wa Kiswahili tulio ughaibuni na walio nyumbani, tunaupuuza mjadala huo kwa hasara yetu.

Niieleze hadithi kwa ufupi, kwa kuwa wengi waliokwisha kuihukumu hawajaitazama. Ben Brigade, anayeigizwa na Scott, anamkamata kijana Billy John, muuaji anayetafutwa, na kuanza kumpeleka mji wa Santa Cruz. Kila mtu anaamini kwamba anafuata fedha ya zawadi. Kwenye kituo cha magari ya farasi anamkuta Carrie Lane, mke wa msimamizi wa kituo, pamoja na majambazi wawili: Sam Boone, anayeigizwa na Pernell Roberts, na mwenzake Whit, anayeigizwa na James Coburn katika filamu yake ya kwanza. Boone naye anamtaka Billy, ila si kwa fedha. Serikali imeahidi kwamba atakayemkabidhi Billy atafutiwa makosa yake yote. Nyuma yao anakuja Frank, kaka yake Billy. Polepole tunatambua kwamba Brigade hana haja na zawadi wala na Billy. Anamtaka Frank, ambaye zamani, akilipiza kisasi cha kutiwa jela na Brigade alipokuwa sherifu, alimnyonga mke wa Brigade kwenye mti mmoja uliosimama peke yake uwandani. Billy ni chambo.

Wahakiki wengi huisoma filamu hii kama hadithi ya kisasi, na jina la Scott juu ya bango linawaunga mkono. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulilelewa na kanuni moja: steringi hafi, na hadithi ni yake. Lakini tazama upya. Brigade habadiliki. Anaanza safari akiwa na neno moja moyoni na anaimaliza akiwa nalo. Anayebadilika, anayejadiliana na nafsi yake, anayelala usiku akiwa na swali na kuamka nalo, ni Boone. Kama tunakubaliana na kile tunachowafundisha wanafunzi wetu, kwamba mhusika mkuu ni yule ambaye mgogoro wa hadithi unapita ndani yake, basi filamu hii ni ya jambazi anayetaka kuacha ujambazi. Scott ni njia tu anayopitia.

Sasa tumwangalie huyo Boone. Jambo la kwanza ni kwamba hajifichi. Hajigeuzi mtakatifu. Hana machozi, hana mahubiri, hakuna mama mzee anayekufa kitandani akimwachia wasia. Sababu zake za kutaka kuacha ni za kawaida, karibu za kuchosha: amepata mahali pa kufuga ng'ombe, na hawezi kukaa mahali hapo iwapo kila mpanda farasi anayetokea kwenye upeo wa macho anaweza kuwa amekuja kumkamata. Anataka kulala. Anataka jina lake litajwe bila watu kugeuka. Nimesoma maelezo mengi ya toba katika fasihi, na machache mno yanathubutu kukiri kwamba mtu anaweza kuutamani wema kwa sababu ya uchovu.

Jambo la pili ndilo linaloifanya filamu kuwa tragedia inayowezekana. Ili apate msamaha, lazima Boone ampate Billy. Ili ampate Billy, lazima amuue Brigade, mtu anayemheshimu kuliko wote. Yaani mlango wa kutokea katika uhalifu umewekwa nyuma ya uhalifu mmoja zaidi. Yeyote aliyewahi kuishi karibu na mlevi, mcheza kamari au mwizi anaujua wimbo huu wa mara ya mwisho. Kennedy hakuufanya wimbo huo kuwa kisingizio. Boone anamwambia Brigade wazi, kwa adabu, tena zaidi ya mara moja, kwamba wakifika mwisho wa safari itabidi mmoja wao afe. Hamvizii. Anamwarifu. Kabla hajawa mtu mwema amekwisha kuwa mtu mkweli, na filamu inaelewa kwamba mpangilio huo una maana: ukweli ndio ngazi ya kwanza.

Jambo la tatu ni tukio la bunduki. Billy anafanikiwa kuinyakua bunduki na kumwelekezea Brigade. Boone angeweza kunyamaza. Ukimya tu ungemwondolea kikwazo chake, na damu isingekuwa mikononi mwake. Badala yake anamdanganya Billy kwamba bunduki haina risasi. Billy anasita, ananyang'anywa, na tunabaini kwamba risasi ilikuwamo. Uongo mmoja, uliosemwa kwa sauti ya kawaida kabisa, umemwokoa mtu ambaye kifo chake kingemnufaisha msemaji. Haulizwi sababu na hatoi hotuba. Wapo waandishi wetu ambao wangehitaji sura nzima ya kumweleza msomaji kwamba sasa moyo wa mhusika umegeuka. Boetticher anampa sekunde chache na kuendelea na safari.

La nne ni mazungumzo ya Boone na Whit. Whit ni kijana mzito wa kuelewa, amezunguka na Boone kwa miaka, na anadhani msamaha ukipatikana ataachwa aende zake. Boone anamwambia kwamba shamba litakuwa la wote wawili, na kwamba amemwona siku zote kuwa mtu anayempenda. Whit anashangaa, hakuwahi kujua. Ni tukio dogo na la kuchekesha kidogo. Hata hivyo ndilo linalonishawishi zaidi ya yote. Toba ya Boone haikuishia kwenye nafsi yake: alipouanza mpango wa maisha mapya, alikwisha kumhesabu mwenzake ndani yake. Anayetaka kuokoka peke yake huenda anatoroka tu.

Hapa nirudi kwa mwenzangu na gunia lake la mbaazi. Hoja yake ni kwamba uchache wa fedha huzaa uchache wa fikra. Mimi nasema katika filamu hii uchache wa fedha umefanya kazi ya ukungwi: umekata kila kilicho cha ziada. Studio haikuwa tayari kulipia mji, kwa hiyo Santa Cruz hatuioni hata mara moja. Hakuna kanisa, kwa hiyo hakuna mchungaji wa kutafsiri toba kwa niaba yetu. Hakuna mahakama, kwa hiyo hakuna hakimu wa kuipima. Na juu ya yote hakuna umati. Kuna watu watano njiani, mawe, upepo na mti. Linganisha na High Noon ya mwaka 1952, ambamo mji mzima unajaa kanisani kujadili nani afanye nini. Pale mtu anapimwa mbele ya jamii. Hapa Boone anapimwa mbele ya watu wawili watatu wanaomjua kwa siku kadhaa, nao wanamhukumu kwa anayoyatenda mbele yao. Sidhani kwamba hayo ni bahati mbaya ya bajeti. Ni sharti la toba yenyewe, nami nitalirejea, kwa sababu ndilo linalotuhusu sisi.

Naweza kuongeza kwamba wageni wa lugha ile waliliona hilo kabla ya wenyeji. Mhakiki Mfaransa André Bazin aliisifu filamu ya kwanza ya Boetticher na Scott, Seven Men from Now ya mwaka 1956, kama mfano bora wa aina yake, wakati ambapo Hollywood yenyewe iliihesabu kuwa bidhaa ya kawaida. Basi dharau ya idara yetu haina hata upya. Ni dharau ya kuazima, tena imechelewa kwa zaidi ya nusu karne.

Nakuja kwenye pingamizi zito zaidi, ambalo ningelitarajia kutoka kwa mwenzangu badala ya mzaha. Pingamizi hilo lasema: msamaha huu ni wa Mzungu kwa Mzungu, juu ya ardhi iliyoporwa. Nalikubali karibu lote. Katika Ride Lonesome Wamescalero hawana majina. Wanamuua mume wa Carrie, wanashambulia, na kuna tukio ambalo wanataka kumnunua Carrie kwa farasi, naye anamtambua farasi huyo kuwa wa mumewe. Ni tukio la kutisha lililotengenezwa vizuri kwa ajili ya jambo baya: kuwafanya watu wa nchi ile wawe hali ya hewa, kama mvua au vumbi. Historia yasema mengine. Kuanzia mwaka 1863 jeshi la Marekani liliwakusanya Wamescalero huko Bosque Redondo, karibu na ngome ya Fort Sumner, New Mexico, wakafungiwa humo pamoja na Wanavajo. Mwaka 1865 walitoroka, na eneo lao rasmi lilitengwa mwaka 1873. Hakuna gavana aliyewatangazia kwamba makosa yao, kama yalikuwa makosa, yamefutwa.

Na msamaha wa kweli wa enzi zile, ule uliotolewa kwa karatasi na mihuri, ulikuwa na ubaguzi wake. Novemba 1878 Gavana Lew Wallace wa New Mexico, yule yule aliyeandika riwaya ya Ben-Hur, alitangaza msamaha kwa walioshiriki vita vya Lincoln County. Machi mwaka uliofuata alikutana na kijana aliyejulikana kama Billy the Kid, wakakubaliana kwamba kijana atoe ushahidi naye atafutiwa mashtaka. Kijana alitoa ushahidi. Msamaha haukuja. Julai 1881 aliuawa, na mahali alipouawa ni Fort Sumner, pale pale walipofungiwa Wamescalero. Gavana mwingine wa New Mexico aliombwa atimize ahadi ile baada ya kifo. Siku ya mwisho ya mwaka 2010 alikataa. Kwa upande mwingine, Frank James, kaka yake Jesse, alijisalimisha mwaka 1882, akaachiwa huru na mahakama, akafa mzee mwaka 1915. Emmett Dalton alinusurika kwa majeraha katika uvamizi wa benki mbili huko Coffeyville, Kansas, mwaka 1892, ambako ndugu zake wawili waliuawa. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa mwaka 1907, na mwaka 1918 akaigiza maisha yake mwenyewe katika filamu Beyond the Law. Al Jennings, mwizi wa treni, alisamehewa na Rais Theodore Roosevelt, akacheza filamu za bei nafuu, na mwaka 1914 akajaribu kupata uteuzi wa kugombea ugavana wa Oklahoma.

Orodha hii yasema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, jambazi aliyeacha si ndoto ya waandishi wa Hollywood. Alikuwapo, na wakati mwingine ndiye aliyesimama mbele ya kamera. Pili, waliopewa nafasi ya kuacha walikuwa wale ambao nchi ilikwisha kuwahesabu kuwa wake. Msamaha uligawiwa kama ardhi ilivyogawiwa. Anayesema kwamba filamu za kauboi zimeficha jambo hili asema kweli. Lakini tuwe waangalifu na tunachokihitimisha. Kama mkate umegawiwa kwa upendeleo, kosa ni la mgawaji. Hatuthibitishi kwa hilo kwamba mkate ni sumu. Kinachodaiwa na historia ya Wamescalero ni kwamba haki ya Boone iwe pana. Haidai kwamba Boone asiwe nayo.

Liko pingamizi la tatu, na hili ni langu mwenyewe. Wanazuoni wetu wa pwani huwafundisha watoto madrasani kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa kosa limegusa haki ya mja, kumrudishia mwenye haki haki yake. Boone anatimiza mawili ya kwanza na ana nia ya la tatu. La nne halimo kabisa. Watu aliowaibia hawatokei hata kwa kutajwa. Serikali inafuta deni ambalo si lake kulifuta. Zaidi ya hayo, bei ya msamaha wake ni shingo ya Billy: kijana mmoja ananyongwa ili mwanamume mwingine afuge ng'ombe. Hapa sina utetezi kamili. Naweza kusema tu kwamba filamu yenyewe inalijua pengo hilo, kwa sababu imemweka Frank.

Frank anaigizwa na Lee Van Cleef, na ana dakika chache sana. Anapotambua kwa nini Brigade anamvuta kuelekea ule mti, anasema, kwa maana, kwamba ni jambo la zamani mno, karibu alikuwa amelisahau. Alimnyonga mwanamke asiye na kosa, akasahau. Sijui maelezo mafupi zaidi ya uovu kuliko hayo. Brigade hawezi kusahau, na kumbukumbu imemkausha. Frank amesahau, na usahaulifu umemwacha bila utu. Kati ya hao wawili anasimama Boone, anayekumbuka alivyokuwa na bado anataka kuwa kitu kingine. Filamu imeweka mbele yetu njia tatu za kuishi na kosa, na kwa kuwa haina fedha ya kuonyesha kitu kingine chochote, hatuna pa kukimbilia.

Mwisho wake unajulikana na wachache, nao unastahili kujulikana na wengi. Frank ameuawa. Boone anakuja kwa miguu yake kumkabili Brigade, akiamini kwamba saa ya kuuana imefika. Brigade anamkabidhi Billy bila kupigana. Anampa onyo moja tu: aishi alivyosema ataishi, la sivyo atamfuata. Kisha wote wanaondoka kuelekea Santa Cruz, na Brigade anabaki peke yake akiutazama mti wa kunyongea unavyoungua, moshi ukipanda huku kamera ikiinuka. Alichokichoma Brigade ni kile chombo cha mauaji. Mtu amemwachia njia.

Sasa niseme kwa nini nimeshindwa kuendelea kunyamaza.

Mtaani kwetu, nilipokuwa sekondari, alikuwapo kijana aliyetoka kifungoni. Alikuwa ameiba, na alikiri kwamba aliiba. Aliporudi alianza kuosha magari karibu na kituo cha daladala, kwa ndoo mbili na kipande cha godoro. Akina mama walipopita walihamisha pochi kutoka bega moja hadi jingine. Sisi watoto tulimwita kwa jina la kosa lake, mbele yake, naye aliitika, maana hakuwa na jina jingine lililobaki. Siku moja simu ya abiria ilipotea. Mtu mmoja alipiga kelele ya neno lile tunalolijua sote, na hakuna aliyeuliza lolote. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nakumbuka harufu ya tairi. Jioni ile ilisikika kwamba mwenye simu ameikuta nyumbani kwake, chini ya mto. Ndoo mbili zilikaa pale kituoni siku kadhaa, hadi mtu alipozichukua.

Msomaji wa Nairobi, wa Dar es Salaam, wa Mombasa, wa Bujumbura au wa Kampala hahitaji nimthibitishie kwamba kisa hiki si cha peke yake. Najua vilevile kwamba hasira ile ina chanzo: polisi wanaokuja wakiwa wamechelewa, kesi zinazonunuliwa, maskini anayeibiwa simu aliyoilipia kwa miezi. Siwatukani walioonewa. Nasema tu kwamba umati hauwezi kumtambua mtu aliyebadilika, kwa sababu umati haumjui mtu hata mmoja. Unajua majina ya makosa. Ndiyo maana nilisema kwamba jangwa tupu la Boetticher ni sharti la toba. Boone alipata waliomtazama. Kijana wa ndoo mbili alitazamwa na mtaa mzima, na hakuna aliyemwona.

Je, fasihi yetu imefanya nini juu ya hili? Tuna methali zinazofunga mlango: samaki mkunje angali mbichi, sikio la kufa halisikii dawa, mtoto wa nyoka ni nyoka. Tunazinukuu darasani kana kwamba ni sheria za fizikia. Ile inayoufungua, kosa moja haliachi mke, tumeifungia katika mambo ya ndoa. Katika riwaya na tamthilia zetu mhalifu aghalabu huwa na moja ya hatima mbili: hufa ili tufundishike, au hutubu katika kurasa mbili za mwisho kwa maneno ambayo mwandishi amemwekea mdomoni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotuonyesha siku ya pili. Mtu ameacha, asubuhi inayofuata anakula nini, anaitwaje, nani anamwajiri?

Lakini hatukuwa hivi tangu mwanzo, na hili ndilo linaloniuma. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, aliwaweka mbele yetu Hasidi na Mwivu, ndugu waliomfanyia Adili ubaya usioelezeka, wakageuzwa kuwa manyani. Adili analazimika kuwapiga kila usiku, na kila usiku anawaonea huruma. Kitabu hakiishii kwenye kiboko. Kinasonga hadi pale ambapo adhabu inafikishwa mwisho, ndugu wanarudishiwa umbo lao, na jamii inalazimika kuishi nao tena kama watu. Tumekifundisha kitabu hicho kwa miongo kadhaa kama somo la uadilifu wa Adili. Ni mara ngapi tumekifundisha kama somo la haki ya Hasidi na Mwivu kuacha kuwa manyani? Tumefanya pale kosa lile lile tunalolifanya kwa Ride Lonesome: tumemtazama steringi tu.

Kwa hiyo sidai kwamba tuache vitabu vyetu twende tukajifunze utu kwa makauboi. Nadai kwamba msomi anayecheka filamu kwa sababu ya bei yake amekosa kanuni ya kwanza ya kazi yake, ambayo ni kutazama kabla ya kuhukumu. Tena ni kanuni hiyo hiyo ambayo umati wa kituo cha daladala uliikosa. Sisemi kwamba makosa hayo mawili yana uzito sawa. Moja lilimuua mtu, jingine limemnyima mwanafunzi mada. Nasema yametoka katika tabia moja, ile ya kuliamini jina lililoandikwa juu ya kifurushi. Filamu ya bei nafuu. Mtu wa jela. Faili likafungwa.

Mwanafunzi wangu sasa anaandika juu ya mada iliyo salama zaidi, na anaiandika vizuri. Nimemwandikia wiki hii kumwambia kwamba nilikosea kunyamaza, na kwamba akitaka kuirudia mada yake nitaisimamia mimi, na kikaoni nitazungumza. Pendekezo lake la kwanza bado ninalo. Mwenzangu nimempelekea filamu yenyewe. Ni dakika 73. Aitazame, kisha tubishane.